Msimsingizie Charaka: Ayurveda haina "mwili wa alkali"

Yamenifika shingoni, mimi mganga wa Ayurveda, tiba ya kale ya India. Wiki hii tena mtu kaketi mbele yangu, kafungua mkoba, katoa kijikaratasi cha rangi alichochovya kwenye mkojo wake alfajiri, kakilaza juu ya meza yangu (juu ya meza, jamani) na kuniambia: "Daktari, mwili wangu umejaa asidi. Nipe dawa ya Ayurveda niwe alkali." Kaisoma wapi? Kwenye simu, kwenye picha ya ndimu na mnanaa iliyopambwa kwa herufi mbili tatu za Kisanskriti pembeni ili ionekane ya wazee.

La damu tulimalize haraka. pH (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) ya damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na walinzi wake ni mapafu na figo: pumzi hutoa kaboni dioksaidi, figo hutoa asidi inayobaki. Mkojo ndio unaocheza, toka 4.5 hadi 8, kutegemea ulikula nini jana. Kwa hiyo kijikaratasi kikibadilika rangi, figo zako ziko kazini, hongera. Damu ikitoka kweli nje ya mipaka hiyo hutakuja kwangu kwa miguu yako. Utakuwa umelazwa, pengine kwa sukari iliyopanda vibaya. Na Otto Warburg, mwanasayansi Mjerumani ambaye wauza alkali hupenda kumtaja, hakupewa Nobel ya 1931 kwa kugundua kwamba saratani haiishi kwenye alkali. Alipewa kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Basi, tuendelee.

Kinachoniudhi zaidi ni kusingiziwa Charaka, mganga wa kale wa India, kwamba alifundisha hayo. Fungua kitabu chake, Charaka Samhita, sehemu ya Vimanasthana, sura ya kwanza. Anataja vitu vitatu visivyofaa kuzidishwa: pippali (pilipili ndefu), kshara na chumvi. Kshara hiyo ndiyo alkali yenyewe. Unachoma mmea, majivu unayaloweka, unayachuja, kisha maji yake unayachemsha hadi kubaki unga mkali unaouma ulimi. Aliyekulia magharibi mwa Kenya anaijua nusu ya kazi hiyo, maana maji ya majivu ndiyo yanayolainisha mboga za kienyeji. Na wengi wetu tumekula maharage yaliyotiwa magadi. Charaka anasema anayeizoea kshara anaharibu nywele, macho, moyo na nguvu za kiume, na anawataja watu wa mashariki na wa Uchina kuwa mfano: upofu, uhanithi, upara, mvi. Siapi kwamba magadi ya maharage yatakutoa upara. Lakini mzee aliyeandika hivyo, leo picha yake inatumiwa kuuzia maji ya alkali!

Sushruta, mwandishi mwingine wa kale wa Ayurveda, naye aliipenda kshara, ila kwa kazi ya upasuaji. Mpaka leo India hutibu fistula ya njia ya haja kubwa kwa kshara sutra, uzi unaopakwa mara 21: utomvu wa mmea wa snuhi peke yake mara 11, utomvu na kshara ya mmea wa apamarga mara 7, utomvu na manjano mara 3. Na alijua vizuri kwamba kichachu huituliza kshara. Ikishaunguza palipokusudiwa, anaagiza pakwe kitu kichachu, maumivu yazimike kama moto uliomwagiwa maji. Haya yote yanafanyika kwenye kidonda, jicho la mganga likiwa hapo hapo. Hakuna anayeambiwa anywe glasi kila asubuhi ili damu igeuke.

Sasa uchachu wenyewe, maana hapa ndipo hata sisi wa fani tunaparukia. Charaka anauhesabu uchachu miongoni mwa sifa za kawaida za pitta, nguvu ya joto na usagaji mwilini. Sushruta anakataa: pitta yenye afya ina ukali wa pilipili, huchacha tu ikishakuwa vidagdha, yaani imeivia nusu, imeharibika. Tofauti hiyo si ya kupita nayo mbio kama tulivyofundishwa. Ukimfuata Charaka, asidi ni mali ya mwili, unapunguza iliyozidi. Ukimfuata Sushruta, uchachu ni dalili ya agni (moto wa kusaga chakula) mbovu, na usipoitengeneza agni utapunguza asidi mpaka uzeeke. Kilinge changu kinamfuata Sushruta. Ila nikiwa mkweli, tumbo lenye afya lina pH ya 1.5 hadi 3.5, na hapo Charaka ananicheka.

Ugonjwa wenyewe wa uchachu, amlapitta, hao wawili hawakuupa hata sura yake. Uko kwenye vitabu vingine, Kashyapa Samhita na Madhava Nidana. Kiungulia, kubeua maji machachu na machungu, kichefuchefu, uchovu, chakula hakitamaniki. Na tiba yake kuu ni kutoa: kutapisha, kuharisha. Avipattikara churna, dawa ya unga mnayoinunua mkidhani ni ya kuzima asidi, sehemu yake kubwa ni sukari na trivrit, na trivrit ni dawa ya kuharisha. Msinipigie simu usiku kushangaa.

Halafu ndimu. "Chachu mdomoni, alkali mwilini." Wazo hilo limetoka maabara za Ulaya za karne ya 19, walikochoma chakula na kupima majivu yake. Sisi tuna vipaka, yaani ladha inayobaki chakula kikishasagwa mwilini, na kanuni yake ni kwamba kichachu kikishasagwa hubaki kichachu. Tunda la amalaki ni chachu vilevile, lakini vipaka yake ni tamu na inapoza, ndiyo maana mwenye kiungulia namnyima ndimu ya asubuhi nampa amalaki. Kifaa cha kupima vipaka sina, wala hakuna aliye nacho. Chupani amalaki ni asidi kama asidi nyingine.

Kuna jambo jingine linaninyima raha. Shankha bhasma, kombe la bahari lililochomwa, humtuliza mgonjwa upesi sana. Vitabu vyetu vinasema imetuliza pitta. Mwanakemia atasema nimempa chokaa, na chokaa imeua asidi ya tumbo, kwisha. Sina jibu la kumshinda, kwa hiyo siitoi kwa muda mrefu. Bekingi soda ndiyo kabisa, hasa kwa mwenye presha au figo dhaifu, maana imejaa sodiamu. Na kama chakula kinakwama kooni, uzito unashuka au choo kimekuwa cheusi, mimi na makombe yangu tuache. Nenda hospitali wakupitishe kamera ya tumbo kwanza, kijikaratasi kibaki nyumbani.