Mpangaji mkuu akihama: yaliyoupata mfuko wa Fahari na yanayokuhusu mwenye akiba

Muulize Mkenya aliyejikusanyia chochote pesa zake ameziweka wapi, na mara nyingi atakutajia ploti: futi 50 kwa 100 huko Kitengela au Juja, pengine na vyumba sita vya kupangisha juu yake. Ndiyo maana katika semina zetu za elimu ya uwekezaji swali la kwanza huwa ni lile lile. Je, mtu asiye na uwezo wa kujenga anaweza kumiliki japo kipande cha jengo la biashara mjini, na apate kodi kama wenye majengo wengine?

Anaweza. Kenya imekwisha kulijaribu jambo hilo hadharani kupitia mfuko wa Fahari, na yaliyotokea yanafundisha kuliko kijitabu chochote tunachogawa.

Mwaka 2013 zilitoka kanuni za kuanzisha mifuko ya uwekezaji wa majengo chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mpango wake ni kwamba watu wengi wanachanga, mfuko unanunua majengo yaliyokwisha kujengwa na yenye wapangaji, na kodi ikikusanywa na gharama kulipwa, kinachobaki kinagawiwa wachangiaji. Kanuni zinaulazimisha mfuko wa aina hii kugawa angalau asilimia 80 ya faida yake. Kukopa pia kumewekewa kikomo: deni lisizidi asilimia 35 ya thamani ya mali. Mfuko wenyewe haulipi kodi ya mapato ya kampuni, nao msamaha huo ni mkubwa. Hati za majengo hazikai mikononi mwa meneja anayeamua kinunuliwe nini. Zinakaa kwa mdhamini, kwa kawaida benki, ambaye kazi yake ni kumchunga meneja kwa niaba ya wachangiaji. Kama kuna sehemu moja ya kanuni hizi ambayo ningependa kila mtu aishike, ni hiyo ya kumtenga anayeamua na anayeshika.

Wa kwanza kufika Soko la Hisa la Nairobi ulikuwa Stanlib Fahari I-REIT (I-REIT ndilo jina la Kiingereza la mfuko wa aina hii), uliouza vipande vyake, yaani sehemu za umiliki, mwishoni mwa mwaka 2015 kwa shilingi 20 kila kimoja. Ulilenga bilioni 12.5. Ukapata kama bilioni 3.6.

Wengi husema Wakenya hawakuuelewa. Mimi naona walielewa hesabu vizuri sana. Oktoba ya mwaka ule riba ya hati za serikali za siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi unaoipa serikali, ilikuwa imepanda kupita asilimia 20 kwa mwaka. Mwenye pesa aliona kwamba serikali itamlipa hivyo bila yeye kuhangaika na mpangaji, lifti mbovu wala paa linalovuja. Kwa nini akanunue kodi ya pango?

Mfuko ukaanza kazi na robo ya pesa uliyoitaka kwa kidogo tu kuzidi, na upungufu huo haukuwahi kuuacha. Ulinunua Greenspan Mall, jumba la maduka lililoko Donholm, na majengo mawili madogo katika Industrial Area. Baadaye ukaongeza jengo la ofisi la 67 Gitanga Place huko Lavington. Majengo manne basi, na Greenspan peke yake ndiyo kubwa kuliko yote. Gharama za mdhamini, meneja, wakaguzi wa hesabu na wathamini hazipungui sana kwa sababu majengo ni machache. Na mpangaji mmoja akiyumba, kila mchangiaji anausikia mtikisiko.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wanapokosea. Mnunuzi wa kipande huangalia picha ya jengo: vioo, maegesho, ngazi za umeme. Lakini jengo la biashara linapothaminiwa, mthamini huanza na mikataba ya upangaji. Nani amepanga? Mkataba umebakiza miaka mingapi? Kodi inapanda kwa kiasi gani kila mwaka? Jengo zuri lililo tupu lina thamani ndogo kuliko jengo la kawaida lenye mpangaji imara wa miaka kumi.

Sheria za Kenya zina jambo linaloathiri mikataba hiyo moja kwa moja. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria: mwenye jengo hawezi kumpandishia kodi wala kumtoa bila kufuata taratibu za mahakama maalumu ya kodi za pango za majengo ya biashara. Ukiona mkataba wa Nairobi umeandikwa miaka mitano na miezi mitatu, usidhani mwandishi alikosea kuhesabu. Miezi hiyo mitatu imewekwa makusudi ili kuutoa mkataba nje ya ulinzi huo.

Katika jumba la maduka kuna mpangaji mkuu, kwa kawaida supamaketi. Yeye huchukua nafasi kubwa na hulipa kodi nafuu kwa kila futi ya mraba, kwa kuwa ndiye anayevuta watu. Muuza viatu, mwenye saluni na duka la simu hulipa zaidi kwa futi ile ile kwa sababu wanaishi kwa wateja waliokuja kununua unga na mafuta. Supamaketi ikifunga, hasara haiishii kwenye kodi yake. Wale wadogo nao huja ofisini kuomba wapunguziwe.

Greenspan ilikuwa na supamaketi ya Tuskys. Mwaka 2020 Tuskys ilielemewa na madeni na matawi yake yakaanza kufungwa nchini kote, tena katika mwaka wa korona. Nafasi ile baadaye ilichukuliwa na supamaketi nyingine, Naivas. Aliyeyaangalia majengo tu hakuona dalili yoyote mapema. Aliyefuatilia habari za wasambazaji waliokuwa wakidai pesa zao kwa supamaketi hiyo aliiona hatari kabla haijafika.

Sasa tuangalie bei. Katika miaka yake sokoni Fahari ilitoa gawio la kati ya senti 50 na senti 75 kwa kipande kwa mwaka. Kwa aliyenunua kwa shilingi 20, senti 75 hazifiki hata asilimia 4, wakati dhamana za serikali za muda mrefu zililipa zaidi ya asilimia 10. Wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi na bei ikashuka hadi chini ya shilingi 7, ingawa kwenye vitabu thamani ya majengo kwa kila kipande ilikuwa juu mno ya hapo. Hakuna aliyeiba jengo. Ni kwamba mfuko wa namna hii haurudishi pesa zako ukizitaka: lazima apatikane mtu wa kununua kipande chako, naye hulipa kulingana na gawio analolitarajia.

Kufikia wakati huo usimamizi ulikuwa umehamia ICEA LION Asset Management na jina limekuwa ILAM Fahari I-REIT. Mwaka 2023 meneja alijitolea kuvinunua vipande vya wachangiaji wa kawaida kwa shilingi 11, na Februari 2024 mfuko ukaondoka kwenye soko kuu kwenda jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa, yaani mahali pa kuuziana vipande na hisa zisizo kwenye soko kuu. Aliyenunua kwa shilingi 6 alikaribia kuzidisha pesa zake mara mbili. Aliyeingia mwaka 2015 alitoka na hasara, hata akijumlisha magawio yote.

Mifuko iliyofuata imewalenga zaidi wawekezaji wakubwa. Ile ya hosteli za wanafunzi ya Acorn ilianza mwaka 2021. Mwaka 2023 LAPTrust, mfuko wa pensheni ulioanza na wafanyakazi wa serikali za mitaa, uliorodhesha Imara I-REIT yenye mali ya karibu bilioni 7, Pension Towers na CPF House za Nairobi zikiwemo. Mwenye kiasi kidogo anaweza kudhani mlango umefungwa. Lakini mifuko ya pensheni inaruhusiwa kuweka hadi asilimia 30 ya mali yake katika uwekezaji wa namna hii, na kila mwanachama ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka wa mfuko wake. Kwa hiyo mkiitwa tena mkutanoni, waulizeni wadhamini: kama pesa zetu zimo kwenye majengo, wapangaji ni kina nani, na mikataba yao inaisha lini?