Upendeleo wa rangi katika habari za uhalifu ni nini?

Tarehe 30 Agosti 2005, jiji la New Orleans, Marekani, likiwa limezama kwa sababu ya Kimbunga Katrina, mashirika mawili ya habari yalisambaza picha zinazofanana. Katika moja, kijana mweusi anavuka maji ya kifuani akiwa na vitu vya dukani. Maelezo chini ya picha yalisema anatoka kupora duka la vyakula. Katika nyingine, watu wawili weupe wanavuka maji ya kifuani vilevile, wana mkate na soda. Hao, kwa mujibu wa maelezo, walikuwa wamevipata dukani.

Mafuriko ni yaleyale na shida ni ileile. Kitenzi tu ndicho tofauti. Anayepora ni mhalifu, anayepata kajaaliwa. Wahenga walikwisha kulisema hili: ukipenda, chongo huita kengeza.

Wapiga picha walijitetea. Upande mmoja ulisema kijana alionekana akiingia dukani na kutoka na bidhaa, upande mwingine ukasema mikate ile ilikuwa ikielea majini. Sina sababu ya kuwaita waongo. Lakini msomaji aliyezikuta picha zote mbili siku ileile hakupata maelezo hayo. Alipata mporaji mweusi na manusura weupe, na picha hiyo ndiyo iliyobaki kichwani.

Hii ndiyo maana ya upendeleo wa rangi katika habari za uhalifu: vyombo vya habari kupima kosa, mtuhumiwa na aliyeumizwa kwa mizani tofauti kwa kufuata rangi au asili yao. Si lazima mwandishi adanganye. Kila sentensi inaweza kuwa ya kweli na habari nzima ikapotosha, kwa sababu upotoshaji umejificha kwenye uchaguzi: nani aoneshwe na pingu, nani aoneshwe na joho la mahafali, mama wa nani ahojiwe, kesi ya nani ipewe ukurasa wa mbele na ya nani izikwe ndani.

Upendeleo huu huonekana zaidi habari zikiwekwa pamoja. Mzungu akiua watu, mara nyingi tutasimuliwa utoto wake, upweke wake, maradhi yake ya akili. Anabaki kuwa mtu mmoja aliyeharibikiwa. Mweusi au mhamiaji akifanya hivyohivyo, mjadala unahamia kwa jamii yake yote: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Kuna sababu ya kikazi pia, nayo haisemwi vya kutosha. Mwandishi wa habari za uhalifu anaishi kwa taarifa za polisi. Ndizo za haraka, hazigharimu kitu, na zinakuja na picha ya mtu aliyekamatwa. Basi polisi wakiwa wanakamata zaidi katika mitaa ya weusi, gazeti nalo litajaa nyuso nyeusi, hata kama mhariri hana chuki na mtu. Na mtu huyo akiachiwa huru miezi sita baadaye, polisi hawatoi taarifa kwa vyombo vya habari. Hakuna anayeandika.

Athari yake kwa mtazamaji imepimwa. Watafiti wa Marekani Franklin Gilliam na Shanto Iyengar, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliwaonesha watu taarifa ya habari yenye tukio la uhalifu. Wengine waliona sura ya mtuhumiwa mweusi, wengine mweupe, na wengine hawakuoneshwa mtuhumiwa yeyote. Katika kundi hili la mwisho, zaidi ya asilimia 60 walisema wamemwona mtuhumiwa. Kati ya hao, asilimia 70 walisema alikuwa mweusi. Naomba msomaji asiliruke jambo hili: watu walikumbuka sura ambayo haikuwapo. Habari za miaka mingi zilikuwa zimeshaichora, wao wakaijazia tu.

Madhara yanapofika mahakamani, hayarudishiki. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1989, mwanamke mweupe aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, alibakwa na kupigwa hadi karibu kufa. Walikamatwa wavulana watano wa miaka 14 hadi 16, wanne weusi na mmoja Mlatino, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kabla ya kesi kuanza, magazeti yalikuwa yameshawaita kundi la mbwa mwitu. Lugha hiyo ina kazi yake. Mtoto wa miaka 14 hupewa wakili na kusikilizwa, mbwa mwitu huwindwa. Siku chache baadaye Donald Trump, wakati huo mfanyabiashara, alilipia matangazo ya ukurasa mzima katika magazeti manne ya jiji hilo akitaka adhabu ya kifo irudishwe.

Vipimo vya vinasaba havikumgusa hata mmoja wao. Kilichokuwapo ni maungamo waliyoyatoa baada ya kuhojiwa kwa saa nyingi, na ambayo baadaye waliyakana. Mwaka 1990 walitiwa hatiani. Mwaka 2002, mfungwa mwingine aliyekuwa akitumikia kifungo kwa ubakaji na mauaji alikiri kwamba alitenda peke yake, na vinasaba vikamthibitisha. Hukumu zikafutwa. Mwaka 2014 jiji likakubali kuwalipa dola milioni 41. Yusef Salaam, aliyekamatwa akiwa na miaka 15, leo ni diwani wa New York. Lakini miaka waliyokaa gerezani imekwenda, na kwa vichwa vya habari vya mwaka 1989 hakuna fidia inayovifuta.

Kutaja rangi peke yake si upendeleo. Polisi wakimtafuta mtu aliyetoroka na wana maelezo kamili, yaani urefu, umri, nguo, kovu, rangi ya ngozi ni sehemu ya maelezo hayo. Tatizo ni rangi inapotajwa bila kusaidia chochote, au inapotajwa kwa mmoja na kuachwa kwa mwingine. "Mwanamume mweusi akamatwa kwa wizi" ni kichwa cha habari ambacho kinapaswa kumfanya mhariri ajiulize lini mara ya mwisho aliandika "mwanamume mweupe akamatwa kwa wizi".

Baadhi ya taratibu zimeanza kubadilika. Julai 2020 polisi wa San Francisco walitangaza kuacha kutoa picha za watu waliokamatwa, isipokuwa pale usalama wa umma unapohitaji. Mwaka 2021 shirika la habari la Associated Press lilisema halitataja tena majina ya washukiwa katika habari za makosa madogo. Sababu waliyoitoa ni nyepesi kueleweka: habari hizo hubaki mtandaoni miaka na miaka, na shirika huwa halifuatilii kesi kujua iliishaje.