Mwanza hadi KIA kwa ndege: kilomita 472, lakini si dakika 33

Ukitafuta mtandaoni umbali kati ya uwanja wa ndege wa Mwanza (MWZ) na wa Kilimanjaro (KIA, kwa msimbo JRO), utapewa kilomita 472 hivi na safari ya dakika 33. Umbali ni sahihi. Hizo dakika zimepatikana kwa kugawanya 472 kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, na hakuna ndege inayokwenda hivyo mwanzo hadi mwisho kwenye kipande kifupi namna hii.

Umbali unaweza kuupiga mwenyewe kwa kalamu. Mwanza iko digrii 2.44 kusini, 32.93 mashariki, KIA iko 3.43 kusini, 37.07 mashariki. Jirani na Ikweta, digrii moja upande wowote ni kama maili 60 za baharini (maili zote humu ni hizo). Kwa hiyo unashuka kusini maili 59 na kwenda mashariki 248. Pythagoras wa shuleni anakupa 255. Zidisha kwa 1.852, ndiyo hizo 472. Usitumie njia hii Ulaya, huko mistari ya longitudo imesogeleana. Na hakikisha hujachukua uwanja wa Arusha (ARK) kwa kudhani ni KIA: wenyewe uko maili 229 tu kutoka Mwanza.

Sasa muda. Jeti kama Airbus A220 ikiwa futi 33,000 inahitaji maili 3 hivi kwa kila futi 1,000 za kushuka. KIA iko futi 2,932, kwa hiyo kushuka peke yake ni maili 90. Kupanda nako kunakula mia na ushee. Mwendo kamili unabakiwa na maili 60 tu, ndiyo maana hapa jeti haiziachi mbali pangaboi.

Kwa ATR 72, ambayo ni ya pangaboi, mimi huhesabu maili 270 kwa saa. Upepo wa huku juu mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo kwenda KIA unakutana na mbisho. Ukiwa wa maili 20 kwa saa, angani ni dakika 61. Kurudi Mwanza, upepo huohuo ukikusukuma, ni 53. Ila faida hiyo haibaki yote. Njia ya kurukia na kutua ya KIA imelala mashariki-magharibi: anayetoka Mwanza anaingia karibu moja kwa moja, anayerudi anaruka kuelekea mashariki ndipo ageuke.

Mstari ulionyooka unapita kusini mwa Serengeti, pembeni mwa kreta ya Ngorongoro, kisha kama kilomita 12 tu kusini mwa kilele cha Meru, chenye futi karibu 15,000. Kwenye mawingu rubani hawezi kushuka mapema atakavyo.

Ongeza dakika 10 za kupanda polepole na kujipanga kutua, na 10 nyingine za kutembea ardhini. Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu magurudumu yasogee hadi yasimame, kwa hiyo tegemea saa 1 na dakika 20 kwa ATR, saa 1 na ushee kwa Q400 (pangaboi yenye kasi zaidi), na karibu saa nzima kwa jeti.

Ukiruka Mwanza alfajiri wakati wa mvua, acha nafasi zaidi kabla ya ndege ya kuunganisha. Radi za Ziwa Victoria hukolea usiku hadi asubuhi, na kuzunguka wingu kwa maili 20 kunaiongezea ATR dakika 4 au 5.