Je, wajua? Isaac Hayes alipotezaje mapato ya wimbo uliompa Oscar?

Usiku wa tarehe 10 Aprili 1972, mwanamuziki Isaac Hayes alipokea tuzo ya Oscar ya wimbo bora wa filamu, kwa wimbo mkuu wa filamu ya Shaft. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata katika kipengele hicho, na bibi yake aliyemlea kule Tennessee alikuwa naye ukumbini. Kufikia mwaka 1977, kila wimbo huo ulipoingiza hela, fungu lake lilikuwa limeshahamia kwa wengine. Ilikuwaje?

Kwanza tuelewe alivyofika kwenye filamu. Hayes, aliyezaliwa Covington mwaka 1942 na kuchuma pamba utotoni, aliingia Stax, lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ya mjini Memphis, mwaka 1964 kama mpiga kinanda. Studio yenyewe ilikuwa ukumbi wa zamani wa sinema, sakafu bado imeteremka kuelekea ilipokuwa skrini. Humo, yeye na mtunzi mwenzake David Porter waliwatungia waimbaji wawili, Sam & Dave, nyimbo kama "Hold On, I'm Comin'" na "Soul Man". Mwaka 1968 Stax iliachana na msambazaji wake, Atlantic, ikagundua kwamba mkataba ulikuwa umeipa Atlantic umiliki wa rekodi zake za nyuma. Ghala likabaki tupu. Kiongozi wake, Al Bell, akaagiza albamu 27 zitengenezwe kwa mpigo, na katika harakaharaka ile Hayes akaachiwa afanye atakavyo.

Alichofanya ni albamu ya mwaka 1969 yenye nyimbo 4 tu. "Walk On By", ambao Dionne Warwick aliuimba mwaka 1964 kwa chini ya dakika 3, yeye aliunyoosha hadi dakika 12. Mwingine unazidi dakika 18, na takriban 8 za mwanzo haimbi: anazungumza, sauti nzito ya chini, kinanda kikishikilia noti ileile nyuma yake. Zikumbuke dakika hizo. Ndizo zilizoonyesha kwamba mtu huyu angeweza kubeba tukio zima kwa kusema tu, na uigizaji wake wote uliegemea hapo.

Mwaka 1971 kampuni ya MGM ilimtaka aandike muziki wa Shaft, filamu ya Gordon Parks kuhusu mpelelezi mweusi wa New York. Hayes alikubali akitumaini kufanyiwa majaribio ya kuigiza Shaft mwenyewe. Majaribio hayakuja, nafasi ikaenda kwa Richard Roundtree, na yeye akaambulia kuonekana kidogo kama mhudumu wa baa. Muziki, hata hivyo, aliufanya kwa moyo wote.

Wimbo mkuu una ufundi unaostahili kusikilizwa polepole. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Katika kila hesabu, fimbo ya mpiga ngoma Willie Hall inagonga matoazi pacha mara 4, yaani mara 16 kwa mzunguko, bila kupumzika. Parks alitaka muziki wa mtu asiyetulia, na toazi lile ndilo miguu ya Shaft barabarani. Juu yake gita la Charles "Skip" Pitts haliimbi wimbo wowote. Nyuzi zimebanwa zisilie sawasawa, na mguu unapandisha na kushusha pedali ya wah-wah ili kila mkwaruzo ufunguke na kufumba kama kinywa. Kisha vyombo vinaingia kwa zamu: kinanda, filimbi, tarumbeta, vayolini. Sauti ya Hayes huisikii mpaka zipite zaidi ya dakika mbili na nusu. Bendi nyingi zinazouiga huteleza kwenye toazi: kiganja kikichoka, mapigo 16 yanalegea, na gita linakosa pa kusimama.

Sasa tuje kwenye hela. Wimbo uliorekodiwa una mifereji miwili ya mapato: mmoja wa utunzi, mwingine wa rekodi yenyewe. Hayes alikuwa mtunzi, mwimbaji na prodyuza, kwa hiyo alikuwa na haki kotekote. Lakini hela nyingi zilipitia Stax kwanza, na Stax ilikuwa inazama katika madeni ya benki ya Union Planters. Mwaka 1974 Hayes aliishtaki Stax, akidai dola milioni 5.3. Walimalizana kwa mapatano: Stax ikamwachia huru kimkataba, na benki ikawa inakusanya mapato ya Hayes na kuyaelekeza kwenye madeni ya Hayes mwenyewe. Alianza upya na lebo nyingine, bila mauzo ya zamani. Stax ikafungwa mwishoni mwa 1975. Mwaka 1976 Hayes na mkewe walifilisika, wakidaiwa zaidi ya dola milioni 6. Shauri lilipokwisha mwaka 1977 alikuwa amepoteza nyumba, sehemu kubwa ya mali, na mirabaha yote ya baadaye, yaani mgawo wake wa mapato, ya muziki aliokuwa ameshautunga, kuuimba na kuuzalisha.

Wengi hushangaa: mirabaha ya kesho inachukuliwaje leo? Ni kwa sababu wimbo ukishatungwa ni mali, kama nyumba ya kupangisha. Mfilisiwa akinyang'anywa nyumba, kodi inaifuata nyumba. Ujira wa kazi ambayo hujaifanya ni jambo jingine. Kwa kawaida, mufilisi wa Marekani ambaye mali yake imeuzwa kulipa wadai hubaki na mshahara wa kazi mpya. Ndiyo maana naona si haki kuuita uigizaji wa Hayes pambo. Nyimbo zake kubwa zilikuwa zinalisha wengine, ila siku ya kazi mbele ya kamera ilikuwa yake.

Na kazi alikuwa ameshaianza. Mwaka 1974 aliigiza Truck Turner, mwindaji wa watoro wa dhamana, na muziki wa filamu hiyo akautunga mwenyewe. Katika tamthilia ya The Rockford Files alikuwa Gandolph Fitch, mfungwa wa zamani anayeng'ang'ania kumwita Rockford "Rockfish". Mwaka 1981, katika Escape from New York ya John Carpenter, alikuwa mtawala wa kisiwa kilichogeuzwa gereza, akizunguka na Cadillac yenye taa za fahari, zile za kuning'inia darini, zimefungwa juu ya madigadi ya mbele. Maneno yake humo ni machache, kwa sauti ileile nzito. Kuanzia 1997 hadi 2006 sauti hiyohiyo, bila sura, ilikuwa ya mpishi wa shule katika katuni ya South Park.

Hayes alifariki tarehe 10 Agosti 2008. Filamu yake ya Soul Men ilitoka Novemba mwaka huohuo, naye anaonekana humo kama Isaac Hayes. Mmoja wa nyota wake wawili ni Samuel L. Jackson, ambaye mwaka 2000 ndiye aliyekuwa Shaft mpya, katika filamu iliyotumia tena wimbo uleule wa mapigo 16.