Kwa Nini Mkoko Hubania Maji Ilhali Umesimama Majini?

Maji yanapojaa katika hori ya Tudor, huko Mombasa, mikoko ya upande wa Mikindani huwa imezama mizizi yake yote, na mtazamaji hudhani kwamba hakuna mti unaopata maji kwa wepisi kama huo. Kumbe jani la mkoko huyatunza maji mithili ya mmea wa nchi kame. Siri yenyewe imo katika matundu madogo mno yaliyo upande wa chini wa jani, yaitwayo stomata.

Kila tundu limepakana na seli mbili zilizopinda kama maharagwe yanayotazamana, nazo ni seli linzi. Kunapokucha na mwanga ukaliangukia jani, seli hizo huvuta ndani potasiamu, maji yakaifuata, zikavimba. Na kwa kuwa ukuta wa upande wa tundu ni mnene kuliko ule wa nje, kuvimba huko huzipinda zaidi, na tundu likafunguka. Potasiamu ikitoka, maji hutoka nayo, seli hunywea na tundu likafumba.

Shida ni kwamba tundu likishafunguka haliwezi kuingiza hewa bila kutoa maji. Kabonidioksidi, ambayo mmea huhitaji ili utengeneze sukari, ni haba sana hewani, takriban sehemu 420 katika milioni moja, ilhali nafasi zilizo ndani ya jani zimejaa mvuke. Kwa hiyo kwa kila molekuli ya kabonidioksidi inayoingia, molekuli za maji kwa mamia hutoka. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayopotea jani likiwa limefungua hupitia hapo, ingawa matundu hayo ni sehemu ndogo mno ya uso wa jani.

Kwa mkoko hasara hiyo ni nzito. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi huyang'ang'ania maji, hivyo mizizi hulazimika kuyavuta kwa nguvu kubwa huku ikiichuja chumvi ibaki nje. Ndiyo sababu mkoko hauyafungui matundu yake kwa ukarimu. Ukilichuma jani lake utaona juu linang'aa kwa nta, na chini lina vidoa vyeusi. Vidoa hivyo si stomata, kwa maana stomata hazionekani bila hadubini.

Kubana matundu nako kuna gharama, nayo si njaa ya sukari peke yake. Mvuke unaotoka ndio unaolipoza jani, na jani lililofumba huchemka upesi jua la saa sita linapowaka. Tazama basi majani ya juu kabisa ya mkoko: yamesimama karibu wima, ili jua la utosi lisiyapige usoni.