Kusaka hitilafu kwa mbali: yasemwayo na yalivyo

Kidhibiti cha pampu ya maji kipo Micheweni, Pemba, fundi wa programu yupo Mjini Unguja, na kuvuka na boti kila programu inapogoma si jambo jepesi. Ndiyo maana watu wanaitaka dibaga ya mbali, yaani programu ya kusaka makosa ndani ya programu nyingine, ila wanaizungumza visivyo.

Wengine wanadai bodi ndogo ya Linux haina nafasi ya dibaga. Haihitaji nafasi hiyo. GDB kamili, ambayo ndiyo dibaga yenyewe, na faili yenye alama (majina na mistari ya msimbo) hubaki kwenye kompyuta ya fundi. Pemba inakwenda gdbserver tu, kiprogramu kinachotii amri: soma kumbukumbu, badili rejista (vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji), endelea, simama. Programu ya kule inaweza hata kuondolewa alama zake zote, bora faili ya Unguja iwe imetoka kwenye ujenzi ule ule wa programu. Ikiwa tofauti, GDB itakuonesha mstari usiohusika, nawe utagombana na msimbo usio na kosa.

Dhana mbaya zaidi: "Nikisimamisha programu, mtambo wote umesimama." Thubutu! Kilichosimama ni mchakato mmoja. Rilei, swichi ya umeme iliyokwishawasha pampu, inabaki imewaka na maji yanapanda, kwa kuwa msimbo unaosoma boya la tangi ndio huo ulioganda. Na kama mchakato huo ndio unaoilisha wochidogi, saa ya ulinzi inayongoja ishara kila mara, muda ukiisha bodi inajiwasha upya. Muunganisho unakatika, fundi anautukana mtandao wa simu, kumbe amejikatia mwenyewe. Kabla ya kuweka brekipointi, yaani mahali programu inapoamriwa kusimama, zima pampu na mwambie aliyeko kisimani.

Brekipointi nazo si za bure kila mahali. Kwenye Linux, programu ikiwa kwenye RAM, weka utakazo. Kwenye vichakataji vidogo vinavyoendesha msimbo moja kwa moja kutoka flashi (kumbukumbu ya kudumu) unategemea zile za maunzi, zilizojengwa ndani ya kichakataji: Cortex-M0 haizidishi 4, Cortex-M3 kwa kawaida ina 6.

Halafu wapo wanaoifungua poti (mlango wa mtandao) ya gdbserver kwenye intaneti "kwa dakika mbili tu". Haina neno la siri wala usimbaji fiche; anayeifikia anasoma kumbukumbu na kuibadili programu atakavyo. Mimi siifungui kabisa. Ndani ya GDB naandika target remote, mstari wima, kisha amri ya ssh -T inayoiendesha gdbserver kule Micheweni ikiwa na kistari mahali pa namba ya poti, na mazungumzo yote yanapita ndani ya SSH, muunganisho uliosimbwa kwa siri.