Mafunzo ya utambuzi na tabia kwa polisi si ushauri nasaha

Askari akipelekwa kwa mshauri baada ya kushuhudia mauaji, utasikia kwamba amepata "mafunzo ya utambuzi na tabia". Semina ya kudhibiti hasira hubandikwa jina hilohilo, na hata mhadhara wa maadili.

Kwa kifupi, mafunzo yenyewe ni mazoezi ya kumzoesha askari kutenganisha alichokiona na tafsiri aliyokipa, kisha kutafuta tafsiri nyingine kabla ya kutenda.

Mkanganyiko una chanzo chake. Mbinu zenyewe zimetoka kwenye tiba ya kisaikolojia aliyoiendeleza daktari Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960, basi watu wakisikia tiba wanamtafuta mgonjwa. Hapa mgonjwa hayupo. Yupo askari mzima wa afya, huenda hana chuki na mtu, ila redio inamwita, watu wanapiga kelele, ana sekunde chache, na akili imekwisha kung'ang'ania maelezo ya kwanza yaliyoijia. Ushauri nasaha unashughulikia yaliyokwisha kumpata. Mafunzo haya yanashughulikia atakavyosoma tukio lijalo.

Chukua dereva aliyesimamishwa usiku, akainama ghafla. "Anatafuta silaha" si kitu ambacho askari amekiona. Alichoona ni bega kushuka na mkono kupotea machoni. Pengine simu imeanguka, pengine anatafuta leseni, pengine anaficha msokoto wa bangi, pengine kweli ni bastola. Askari ataje walau maelezo matatu, aseme ni dalili gani ingeyatofautisha, kisha achague hatua ya kuipata dalili hiyo bila kujiweka hatarini: abaki nyuma ya usawa wa bega la dereva, aamuru mikono iwekwe kwenye usukani, aangalie. Tukio linarudiwa, safari hii kwa kelele zaidi na muda mfupi zaidi.

Angalia kwamba bastola haikufutwa kwenye orodha. Wanaolalamika kuwa askari anafundishwa kusitasita huliruka hilo. Huko Chicago mafunzo ya aina hii yalijaribiwa kwa askari 2,070, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Matumizi ya nguvu yalipungua miongoni mwa waliofundishwa, na vilevile ukamataji ule unaotegemea hiari ya askari na ukamataji wa watu weusi. Kazi hawakuipunguza, na majeraha kazini kwao yalikuwa machache zaidi.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Mkufunzi akitoa "jibu sahihi" mapema mno, askari hukariri jibu na kuacha zoezi. Matukio yote ya darasani yakiishia kwenye bunduki, wanazoea kuitarajia bunduki. Yote yakiishia salama, wanazoea uzembe. Na slaidi za siku moja hazijengi mazoea yoyote, kwa kuwa hakuna aliyefikiri chini ya shinikizo.

Mshauri na apewe heshima yake, askari wengi wanamhitaji. Ila chuo kikimwalika mwanasaikolojia azungumzie msongo wa kazi, bango mlangoni liandikwe tu "semina ya msongo wa kazi".